Tujue Maneno Yetu (2): Dau la mnyonge si fedha

Juma lililopita tulizungumzia chombo, jina linalobeba jahazi na sufuria kwa pamoja. Leo ni zamu ya dau.

Hapa Mafinga dau ni fedha. Anayeutaka mzigo wa mbao mnadani hupandisha dau; redioni, mtangazaji wa michezo husema klabu imeweka dau nono kumnasa mshambuliaji. Kwa hiyo mtu wa hapa akisikia “dau la mnyonge haliendi joshi”, huelewa upesi kwamba mwenye fedha kidogo hashindani na tajiri. Muulize joshi ni nini, atakwama. Fedha haziendi joshi.

Kinachokwenda joshi ni chombo. Dau la methali ni mashua ndogo ya kale ya pwani, iliyochongoka mbele na nyuma, yenye tanga la mkeka la pembe nne. Wahadimu wa Unguja walilitumia kuvulia samaki na kubebea kuni na chokaa. Pande za Lamu palikuwa na dau la mtepe, lililoshonwa mbao zake kwa kamba za nazi.

Joshi ni upande wa tanga unaoelekea upepo, na kwenda joshi ni kusafiri kwa kuubana upepo, karibu kuukabili. Tanga la mkeka hupenda upepo wa nyuma. Upepo ukija kwa mbele, dau husukumwa pembeni huku jahazi lenye tanga la pembe tatu likikata njia yake. Mwenye dau atashika kafi, au atangoja upepo ugeuke.

Kamusi huyatenga madau haya mawili kama maneno yasiyo na undugu. Ndugu wa dau la baharini ni kidau, kile cha kutilia wino. Lakini sikio halisomi kamusi, ndiyo maana methali imepanda hadi nyanda za juu ikiwa imebadilisha mzigo njiani.

Kilichopotea ni kipande chake cha pili: “likienda joshi ni Mungu kupenda”. Mnadani, nyundo ikigonga, mnyonge ameshindwa. Baharini upepo wa kusi hupisha ule wa kaskazi, na aliyekwama ana safari bado. Mwalimu anayeifundisha methali hii aanze na tanga, ndipo wanafunzi watajua kwa nini wahenga hawakuishia kwenye unyonge.

Juma lijalo: ngalawa na mtumbwi.