Mikono Mitatu, Kura Moja

Tuseme kuna jengo la fleti sita huko Igoma, Mwanza, kandokando ya Barabara ya Musoma. Ngazi ni ya wote, tangi la maji ni la wote, na mita ya LUKU inayoendesha pampu ni ya wote, ingawa siku yuniti zikiisha huwa ni ya jirani. Fleti tano zina mmiliki mmoja mmoja. Hati ya fleti ya sita ina majina ya wadhamini watatu, wanaoishika kwa niaba ya watoto wa marehemu ndugu yao. Mkutano unaitishwa kuamua kama pampu itengenezwe au inunuliwe nyingine. Wadhamini wote wanafika, na wote wananyoosha mikono. Mwenyekiti ahesabu mingapi?

Jibu linaanzia kwenye hati. Sheria Na. 16 ya mwaka 2008 iliruhusu sehemu ya jengo kuwa na hati yake. Kabla ya hapo hati ilikuwa ya kiwanja, na mwenye fleti ya juu alitegemea mikataba na uungwana wa wenzake. Hati ya fleti huja na fungu katika eneo la pamoja na nafasi katika jumuiya ya wamiliki. Uanachama huo hauombwi. Unafuata umiliki, na umiliki wa fleti moja ni mmoja hata ukishikwa na watu watatu.

Wadhamini nao ni wa aina mbili. Wapo waliosajiliwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) chini ya Sheria ya Sura ya 318, kama ilivyo kwa misikiti, makanisa na vyama vingi. Hao kisheria ni mtu mmoja: ana muhuri, anashtaki na kushtakiwa, na hafi mjumbe akifa. Bodi ya watu kumi inayomiliki fleti ni mwanachama mmoja, na kwenye mkutano inatuma mwakilishi.

Wa pili ni wale ambao hawakusajiliwa, kama hao watatu wetu. Hapa inaingia misingi ya haki ya Kiingereza, ambayo Tanzania iliipokea kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920: wadhamini wa mali ya familia huamua kwa kauli moja, isipokuwa waraka wa udhamini umesema vinginevyo. Wakitofautiana, kura yao haigawanyiki vipande vitatu, haipigwi kabisa.

Udogo wa jengo ndio unaolipa suala hili uzito. Penye fleti sitini, mikono miwili ya ziada haitikisi kitu. Penye fleti sita, kura sita zinageuka nane, na hiyo miwili ni robo ya mkutano. Katiba ya jumuiya inaweza kuhesabu kura kwa fleti au kwa ukubwa wa fungu. Ikihesabu vichwa, familia kubwa ndiyo itakayotawala, jambo ambalo ukoo unalifanya tayari bila kuhitaji katiba.

Mdhamini pia hapigi kura kwa matakwa yake. Anapima faida ya wanufaika, yaani wale watoto. Akiwa na duka la pampu mjini, hapaswi kuinua mkono kununua pampu mpya kabla hajatangaza maslahi yake. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama anabanwa vivyo hivyo. Baraka za kikao cha ukoo humpa jina la kupeleka mahakamani, hazimpi kura.

Dawa ya mikono mitatu ni karatasi moja: barua iliyosainiwa na wadhamini wote, ikimtaja atakayewapigia kura, na kukabidhiwa kwa katibu kabla ya mkutano. Wawili waliobaki wanaweza kuhudhuria, na kuchangia hoja mwenyekiti akiruhusu. Mchango wa pampu, hata hivyo, utadaiwa wa fleti moja, na hapo hakuna mdhamini atakayesisitiza kuhesabiwa mara tatu.