Kabla ya kumwita mtoto mjinga

Mtoto anaposhindwa masomo hukumu hutolewa upesi: ni mvivu, ama hana akili. Wazazi huipokea kwa uchungu, na mtoto hukua nayo. Huko Marekani kazi ya kuchunguza chanzo cha matatizo ya namna hiyo hukabidhiwa wataalamu wa saikolojia ya shule.

Chimbuko la kazi yao ni la zamani. Mwaka 1896, mjini Philadelphia, mwalimu Margaret Maguire alimpeleka kwa Profesa Lightner Witmer mvulana wa miaka 14 aliyeshindwa kuandika maneno kwa usahihi. Uchunguzi ulionyesha kwamba macho yake yalikuwa na kasoro, akapewa miwani.

Anayetaka kazi hiyo leo hupata kwanza digrii, kisha husoma tena kwa miaka mitatu hivi. Chama cha kitaifa cha wataalamu hao kinataka mwanafunzi afanye mazoezi ya kazi kwa saa zisizopungua 1,200, na angalau 600 kati ya hizo ziwe shuleni. Hujifunza kutumia vipimo vya akili, na pia kumtazama mtoto darasani, kuzungumza na mwalimu wake na kuwasikiliza wazazi. Mwalimu wa elimu maalumu naye hufundishwa namna ya kuandaa masomo yanayolingana na mahitaji ya mtoto huyo.

Ujuzi huo wote unahitajika kwa sababu neno la mtaalamu laweza kubadili maisha ya mtu. Sheria ya mwaka 1975 iliwapa watoto wenye ulemavu haki ya kupata elimu ya bure inayowafaa. Lakini huko California watoto weusi wengi kupita kiasi walikuwa wamepelekwa katika madarasa ya wenye akili pungufu kwa kutegemea vipimo. Mwaka 1979 jaji aliamua kwamba vipimo hivyo viliwaonea, akapiga marufuku kuvitumia kuwapeleka huko.

Funzo hilo linamhusu mzazi popote alipo. Akiambiwa kwamba mwanawe hana akili, ana haki ya kuuliza: Macho yake yamepimwa? Masikio je? Ni nani aliyemtazama akijifunza, na kwa muda gani? Mpaka maswali hayo yajibiwe, hukumu na ingoje.