Wapagazi wa Mlima Kilimanjaro

Wapagazi wa Mlima Kilimanjaro ni wafanyakazi wanaobeba mahema, vyakula, vyombo vya jikoni, maji na mabegi ya wageni wanaopanda mlima huo ulioko kaskazini mwa Tanzania. Kilimanjaro ni mlima mrefu kuliko yote barani Afrika: kilele cha Uhuru, kilichopo Kibo, kina mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Wapagazi huitwa pia "wagumu", kutokana na ugumu wa kazi yao.

Njia za kawaida za kufikia kilele hazihitaji kamba wala ufundi wa kukwea majabali. Kwa sababu hiyo hata mtu ambaye hajawahi kupanda mlima wowote anaweza kujaribu. Hata hivyo safari huchukua siku tano au zaidi, na juu ya msitu hakuna duka, shamba wala nyumba za wenyeji. Kila kitu kitakacholiwa, kulaliwa au kuwashwa hupandishwa na binadamu. Ndiyo maana mgeni mmoja anayelala katika hema mara nyingi huhitaji wapagazi watatu au zaidi, mbali na kiongozi na mpishi.

Historia

Upagazi katika Afrika ya Mashariki ni wa zamani kuliko utalii. Katika karne ya 19 bidhaa zilisafirishwa kati ya pwani na bara kwa misafara ya miguu, kwa kuwa mbung'o waliua punda na ng'ombe katika maeneo mengi. Wanyamwezi walijulikana sana kwa kazi hiyo katika njia ya Tabora hadi Bagamoyo. Wageni waliotaka kufika Kilimanjaro walitumia mfumo uleule. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyeandika habari za theluji ya mlima huo mwaka 1848, aliongozwa na Mswahili aliyeitwa Bwana Kheri.

Tarehe 6 Oktoba 1889 Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Meyer alikuwa amekwama katika majaribio ya awali, na moja ya sababu za kufanikiwa safari hii ilikuwa mpangilio wa chakula: aliweka kambi kadhaa mlimani, na wapagazi walipanda na kushuka mara kwa mara wakileta chakula kutoka Marangu, kwa Mangi Marealle. Hivyo hakulazimika kurudi chini kila jaribio liliposhindikana. Katika kambi ya juu, zaidi ya mita 4,000, alibaki nao Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyewapikia na kutunza kambi. Majina ya wapagazi wengine wengi hayajulikani na wasomaji wa leo.

Huko Marangu anakumbukwa Yohani Kinyala Lauwo, Mchaga aliyeongoza wageni mlimani kwa miaka mingi. Mwaka 1989, miaka 100 baada ya safari ya Meyer, alipewa heshima kama kiongozi wa msafara ule wa kwanza. Wanahistoria wanajadiliana kama kweli alikuwemo katika msafara huo. Lauwo alifariki mwaka 1996.

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliundwa mwaka 1973 na kufunguliwa rasmi mwaka 1977. Mwaka 1987 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa kanuni za hifadhi, mgeni haruhusiwi kupanda bila kiongozi mwenye leseni, naye hupitia kampuni iliyosajiliwa.

Mgawanyo wa kazi

Msafara huwa chini ya kiongozi mkuu, ambaye huamua mwendo na kupima afya ya wageni. Anafuatwa na viongozi wasaidizi, kisha mpishi. Wapagazi ndio wengi kuliko wote, nao hugawana mizigo: mmoja hubeba hema la kulia, mwingine mtungi wa gesi na sufuria, mwingine mayai na mboga, mwingine choo cha kuhamishika. Baadhi hufanya pia kazi ya kuandaa meza.

Asubuhi wageni huondoka kambini pamoja na kiongozi, wakitembea polepole ili mwili uzoee hewa ya juu. Wapagazi hubaki kuosha vyombo, kung'oa mahema na kufunga mizigo. Kisha huwapita wageni njiani, mzigo ukiwa kichwani au begani na begi lao wenyewe mgongoni, ili hema na chai viwe tayari wageni wakifika.

Maji yanaonyesha vizuri kazi hii isiyoonekana. Katika njia ya Machame, bonde la Karanga ndipo mahali pa mwisho pa kuchota maji kabla ya kambi ya Barafu, iliyopo karibu mita 4,670. Kila kikombe kinachonywewa Barafu kimebebwa kutoka chini. Usiku wa manane wageni huanza kupanda kutoka hapo hadi kileleni, wakiwa na viongozi. Wapagazi wengi hubaki kambini, kwa hiyo mtu anaweza kupanda Kilimanjaro mara nyingi kwa kazi bila kufika Uhuru.

Hatari

Kileleni, kila pumzi huingiza takriban nusu ya oksijeni inayopatikana pwani. Ugonjwa wa mwinuko huanza kwa kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi. Ukizidi, maji hujaa katika mapafu au ubongo huvimba, na mgonjwa anaweza kufa asiposhushwa haraka. Mgonjwa huteremshwa kwa machela yenye gurudumu moja, na mara nyingi wanaoisukuma ni wapagazi.

Ni kosa kudhani kwamba mwenyeji wa miteremko ya mlima hapatwi na ugonjwa huo. Vijiji vingi vya Wachaga viko chini ya mita 2,000, na wapagazi wengine hutoka mikoa mingine kabisa. Mpagazi huathirika na mwinuko, baridi na mvua kama mgeni, ila yeye hutembea haraka zaidi akiwa na mzigo. Tofauti kubwa ipo katika vifaa: asiye na viatu imara, koti la mvua na mahali pakavu pa kulala yuko hatarini hata akiwa na nguvu nyingi.

Mazingira ya kazi

Kanuni za hifadhi zinaweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa msafara anaobeba mpagazi, mbali na vitu vyake binafsi. Mizigo hupimwa kwa mizani getini. Kanuni hiyo hufanya kazi pale tu kampuni inapoajiri watu wa kutosha. Kampuni inayouza safari kwa bei ya chini sana hushawishika kupunguza gharama mahali pasipoonekana na mgeni, yaani idadi ya wapagazi, chakula chao na ujira wao.

Malipo ya mpagazi yana sehemu mbili: ujira wa siku unaolipwa na kampuni, na bakshishi ya wageni mwisho wa safari. Ugawaji wa bakshishi usipofanywa wazi, aliye chini kabisa anaweza kupata kidogo. Aidha kazi ni ya msimu: wageni huwa wengi Januari hadi Machi na Juni hadi Oktoba, na hupungua wakati wa masika. Wapagazi wengi hulima au hutafuta vibarua katika miezi hiyo. Janga la Korona mwaka 2020 lilionyesha udhaifu wa kipato hiki, watalii walipoacha kuja.

Mwaka 2003 ulianzishwa mjini Moshi mradi wa kuwasaidia wapagazi, unaojulikana kwa kifupi KPAP. Mradi huo huwaazima mavazi ya mlimani bila malipo na kufuatilia jinsi kampuni zinavyowatendea. Vipo pia vyama vya wapagazi vinavyodai haki za wanachama wao. Wanawake bado ni wachache katika kazi hii, ingawa wapo wanaoanza kama wapagazi na kupanda hadi kuwa viongozi.

Mgeni anaweza kusaidia kabla ya kulipia safari kwa kuuliza maswali manne: wapagazi watalipwa kiasi gani kwa siku, watakula mara ngapi, watalala wapi, na bakshishi itagawanywaje.