Prosesa Kubwa Yataka Mazabodi Iliyo Imara

Siku hizi si ajabu kijana wa kijijini kuomba kompyuta yenye nguvu. Ataka kutengeneza filamu za arusi, au anajifunza kuchora majengo, na kazi hizo hulemea kompyuta ndogo. Wazazi huuza ng'ombe au kahawa, kijana hupanda basi kwenda mjini, na fedha karibu zote huishia kwenye prosesa, yaani kile kipande kifanyacho hesabu zote za kompyuta. Ubao wa kuichomekea, ambao mafundi huuita mazabodi, hununuliwa kwa masalio. Hapo ndipo hasara huanzia.

Mazabodi ni ule ubao mpana ndani ya sanduku la kompyuta. Prosesa, kumbukumbu na diski huungwa juu yake, na umeme hupita humo. Wewe mkulima wajua: injini kubwa ya kinu cha kusaga, ukiifunga juu ya gogo bovu, itatikisa nyumba tu, unga hutapata.

Tutwae mfano mmoja: Ryzen 9 9950X ya kampuni ya AMD, iliyotoka Agosti 2024, yenye viini 16. Kabla ya kutoa fedha, tazama mambo manne.

Kwanza, soketi, yaani mahali prosesa inapokaa. Hii yataka soketi ya AM5, yenye pini 1718. Haiingii katika AM4 ya zamani. Usidanganyike na jina la Ryzen juu ya boksi, maana soketi zote mbili zina Ryzen zake. Kwa Intel ni vivyo hivyo: LGA1700 na LGA1851 zafanana machoni, lakini prosesa ya moja haikai katika nyingine.

Pili, umeme. Prosesa hii katika kazi nzito yaweza kula wati 230, kama balbu 25 za wati 9. Umeme huo hufika kwenye mazabodi kwa volti 12, na lazima ushushwe hadi volti 1 na kidogo. Kazi hiyo hufanywa na vipande vidogo vilivyopangwa kando ya soketi. Katika mazabodi duni vipande hivyo ni vichache, tena havina vyuma vya kupozea. Vikichemka mno, prosesa hupunguzwa mwendo. Hapo umelipa bei ya ng'ombe wawili ukapata kazi ya mmoja.

Tatu, kumbukumbu. AM5 hupokea DDR5 tu. Vijiti vya DDR4 ulivyo navyo havitaingia.

Nne, BIOS, ile programu inayoiamsha kompyuta. Mazabodi za AM5 za kwanza zilitoka mwaka 2022, kabla ya prosesa hii. Soketi ni ileile, lakini BIOS ikiwa ya zamani, kompyuta yaweza kukataa kuwaka. Mwombe muuzaji aweke mpya mbele yako, au chagua mazabodi yenye kitufe cha kuiweka kwa flashi bila prosesa. Usilidharau jambo hili. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake kadhaa za kizazi cha 13 na 14 zilidhuriwa na volti iliyozidi. Kinga ilitolewa kwa njia ya BIOS mpya, lakini zilizokwisha kuharibika hazikupona.

Je, ununue mazabodi ya bei kubwa kuliko zote? La. Zile za X670E zina nafasi zaidi za diski na kadi za kasi. Usipozihitaji, B650 yenye vipande imara vya umeme itaiendesha prosesa hii vema. Kwa fedha itakayobaki nunua kipozeo kizuri, maana prosesa hii haiuzwi pamoja na feni.

Na fedha zisipotosha, punguza prosesa, usipunguze ubao. Anza na Ryzen ya AM5 yenye viini 8. Ile kubwa yaweza kuwekwa baadaye katika soketi ileile.

Basi, kijana asilipe kwanza. Aandike jina kamili la mazabodi, afungue kwa simu ukurasa wa kiwanda chake, atafute orodha ya prosesa zinazokubalika. Jina lisipokuwamo, arudishe fedha mfukoni. Kuuliza si ujinga, na ng'ombe aliyekwisha kuuzwa harudi zizini.