Dawa Mseto na Kinga ya Mtoto wa Ujiji

Wapo bibi wa Ujiji, Kigoma, wanaoshikilia kwamba mtoto anayekimbizwa zahanati kila akichemka hukua na mwili mlegevu. Heri aachwe apambane kidogo, akomae. Hoja hiyo si ya kuchekwa. Watafiti nao iliwakosesha usingizi, tena hapa hapa nchini.

Ifakara, katikati ya miaka ya 1990, watoto wachanga 832 waliingizwa kwenye utafiti. Baadhi yao walipewa Deltaprim, dawa ya kuzuia malaria, kila wiki, tangu miezi 2 hadi walipokaribia kutimiza mwaka. Malaria ikapungua kwa asilimia 60 hivi. Dawa ilipokatishwa, kibao kikageuka: mwaka wa pili watoto hao waliugua malaria na kuishiwa damu zaidi ya wenzao. Kinga ya malaria hujengwa kwa mwili kukutana na vimelea tena na tena, na wao walikuwa wamezuiwa wasikutane navyo.

Bibi kashinda? Bado. Deltaprim ile ilizuia, dawa mseto inatibu. Mtoto ambaye kipimo kimemkuta na malaria tayari ana vimelea vilivyozaliana kwenye damu, na mwili wake umeshaanza kuvitambua. Ifakara hiyo hiyo, baadaye, dawa nyingine ya malaria, SP, ilitolewa mara 3 tu katika mwaka wa kwanza, watoto wakija kuchanjwa. Malaria ilipungua kwa asilimia 59, na safari hii mwaka wa pili haikurudi kwa kishindo.

Kwa Kigoma, kukosa vimelea vya kujifunzia ndiyo hofu ya mwisho kabisa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta malaria kwa asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani, wakati wastani wa nchi ulikuwa 7. Na hao waliokomaa bila dawa tunawaona kwa sababu wapo. Wadogo zao waliokwenda na degedege hawapo kutoa ushahidi.

Ugomvi wangu mimi uko kwenye dozi. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1 cha dawa mseto asubuhi na 1 jioni kwa siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta ili dawa ifyonzwe vizuri, na mawese Kigoma hayakosekani. Siku ya pili homa imeshuka, mtoto anacheza, vidonge viwili vinawekwa akiba kwa ajili ya mdogo wake. Hapo vimelea vilivyobaki hupata nafasi ya kuzaliana upya, na homa hurudi.