Wafinalisti: nini ya kuandika mu kaye ya mwenzako?

Mu Kolwezi, siku ya mwisho ya mutihani wa serikali, ule watu wanaita Exetat, shati nyeupe ya shule inageuka karatasi. Wenzako wanaandika ku mugongo, ku mikono, mpaka ku kola. Jioni mama anaangalia ile shati, anauliza kama kuko mutoto mwingine ataivaa mwaka ujao. Wengine wanafanya kwa utaratibu zaidi: wananunua kaye ya kurasa 100, inazunguka darasa nzima, kila mutu na ukurasa wake. Shule yenye feza kidogo inaweza hata kuchapisha kitabu chenye foto za wafinalisti wote.

Shati, kaye ao kitabu, tatizo ni moja. Biki iko mu mukono, ukurasa uko mweupe, na maneno hayakuje. Basi mutu anaandika kile aliona ku ukurasa wa mbele: "Bonne chance." "Usinisahau." "Mungu akubariki." Chini anatia sinyatire ya kuzungushazungusha. Hakuna ubaya. Lakini kisha miaka kumi, mwenye kaye anaifungua na kukuta watu makumi ine wenye kusema jambo moja, na sinyatire ambazo hata wenyewe hawawezi kuzisoma.

Desturi hii si ya jana. Mu karne ya 16, wanafunzi wa Wittenberg, mu Ujerumani, walikuwa wanatembea na kitabu kidogo cha kuandikwa na marafiki na walimu wao. Mu Marekani, chuo cha Yale kilikuwa na kitabu cha wahitimu tangu 1806, na leo karibu kila sekondari kule iko nayo. Lakini kitabu cha mutoto wa Marekani kinakaa mu nyumba ambayo pengine wazazi wake watazeekea ndani. Kwa mutoto wa Lualaba, hesabu ni ingine.

Muji huu unahama. Ku Kasulo, tangu 2014, watu walichimba kobalti mpaka chini ya nyumba zao, na mu 2017 familia za sehemu moja ya mutaa zilihamishwa ili nafasi igeuke machimbo. Ku Cité Gécamines, wakaaji walipoteza nyumba sababu machimbo ya karibu yalikuwa yanapanuka. Shirika Amnesty International na IBGDH, shirika la hapa Kolwezi, waliandika juu yao mu ripoti ya 2023. Wazee wako na zao: vita ya Mei 1978, ao miaka ya 1992 na 1993, wakati familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa mu Katanga, na watoto wakaacha benchi zao mu darasa bila kuaga mutu.

Kwa hiyo "tutaonana ku mutaa" ni ahadi ngumu hapa. Pengine mutaa hautakuwapo tena. Namba ya simu nayo inaisha siku simu inaibiwa ao sim kadi inakatwa. Ile inabaki ni jina, lakini liandikwe muzima.

Na hapa ndipo wafinalisti wanajidanganya. Darasani mutu anajulikana kwa jina ya kuchezea: Kamoja, Mundele, Docta, Vieux. Mwenzake wa benchi moja kwa miaka ine pengine hajui postnomu yake. Kumbe mu Kongo mutu anatafutwa kwa majina yote matatu. Tangu 1972, wakati Mobutu alikataza majina ya ubatizo na kulazimisha majina ya mababu, postnomu ilikaa ku karatasi zetu, na prenomu ziliporudi kisha, mambo yakawa matatu: jina, postnomu, prenomu. Diploma inatoka hivyo, kadi ya kura inatoka hivyo. Mutu akiandika "Docta, rafiki yako wa milele", siku ya kumutafuta ku kazi, ku intaneti ao ku matanga, hakuna atakayemupata. Andika majina matatu kwa herufi za kusomeka, kisha ile ya kuchezea pembeni.

Kisha jina, weka jambo moja ambalo lilifanyika kweli, kati yako na yule mwenye kaye. Si sifa. "Ulikuwa mwema" ni kama salamu, inapita. Lakini: "Siku mvua ilitukuta ku njia ya Mutoshi, ulifunika makaye zangu na koti yako, wewe ukalowana." Ao: "Mu tano ulinieleza logaritmu mara ine, mara ya ine nikaelewa, sikukuambia aksanti. Aksanti." Ao kwa ufupi kabisa: "Bado niko na deni yako ya beinye mbili." Mutu hawezi kuandika vile ku kaye ya mwingine. Ndio dalili ya kwamba ni nzuri.

Mulio bado na haya ya kuandika mambo ya moyo, andikeni nafasi: nani alikaa karibu na dirisha, nani nyuma, mwalimu gani alikuwa anaingia saa ngapi, bati gani lilikuwa linavuja. Inaonekana ni mambo madogo. Jaribu kumuuliza baba aliyesoma mu shule za Gécamines, utaona anaanzia pale pale.

Kuko mambo ya kuepuka. Siri ya mapenzi ya mutu wa tatu, acha. Kuchekelea mwili wa mutu, ao kabila yake, acha kabisa. Kaye itasomwa na mama yake usiku uleule, na siku moja na bwana ao bibi yake.

Ingine ambayo wengi hawaifikirii: kaye inaandikwa mbele ya matokeo. Matokeo yanakuja nyuma, ku simu, na asilimia. Mwenye 50 na zaidi anamwagiwa poda, nyumba inaimba. Mwenye kukosa anafunga mulango. Sasa kama ukurasa wote unasema "Mudiplome mukubwa, injinia wa kesho", ile kaye inakuwa mushitaki wake. Ataificha, pengine ataichoma. Andika mambo yatakayokuwa ya kweli hata kama simu inaleta habari mbaya. Logaritmu mulielezana, hiyo hakuna mutihani unaweza kuifuta.

Na wale hawako ku orodha? Kila darasa ya finalisti mu Kolwezi iko ndogo kuliko vile ilianza. Kuko kijana aliyeenda ku karieri na wakrezeri sababu nyumbani hakukuwa na feza ya shule. Kuko binti aliyepata mimba, ao aliolewa. Kuko aliyehama na wazazi, kuko aliyekufa. Mu vitabu vya kuchapishwa, wanaonekana kama hawakuishi kamwe. Darasa inaweza kuwawekea ukurasa mumoja: majina yao matatu, na mwaka gani walikuwa pamoja na wengine. Sababu ya kuondoka isiandikwe, iko yao. Na kama mumoja wao anaishi karibu, apelekewe kaye aandike naye. Alikaa ku benchi ileile miaka miwili, mitatu. Iko na haki ya ukurasa kama mwenye atapata 80.

Mwalimu wa darasa pia apewe nafasi, hata prefe. Walimu wengi hawajaombwa kitu kama hicho, na mara nyingi wao ndio wanaandika murefu.

Juu ya vifaa: wino wa biki ku shati unafifia na sabuni, basi mwenye anapenda kuitunza asiifue, aikunje ndani ya sasheti. Kaye ifunikwe na plastiki, sababu kunguni wa karatasi na mvua ya Disemba havichague. Na kila ukurasa upigwe foto na simu ya watu wawili tofauti, si mumoja.

Saa ya kuizungusha ni mbele ya mutihani, kisha disertasio, wakati darasa ingali inakutana kila asubui. Ukingojea siku ya ine ya Exetat, utakuta watu wa shule ingine wamejaa mu uwanja, wenzako wamesha kupanda mapikipiki, na kaye iko mu mukono na kurasa makumi tatu nyeupe.