Nyama ya Mwiku: Staftahi ya Kushibisha Baada ya Sikukuu

Idi hupita, wageni wakashika njia zao, na katika nyumba nyingi za Pwani yetu hubakia jambo lisilozungumzwa barazani: pande la nyama ya ng'ombe iliyookwa, limeliwa nusu, limefunikwa kwa sinia jikoni. Jioni hiyo hakuna mwenye hamu nalo. Asubuhi ya pili limekauka, mafuta yameganda pembeni, na mama wa nyumba hujikuta baina ya mawili: alipashe liwe gumu kama kanda la kiatu, au alitupe. Kulitupa ni hasara ya fedha, tena ni israfu, ambayo Qur'ani imeikataza waziwazi katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 31. Kulipasha ovyo ni kuwachosha watoto na, mara nyingine, kuwatia maradhi.

Lugha yetu ina neno lake kwa chakula kilicholala: mwiku. Wazee wetu hawakulionea haya. Wali wa jana ulikaangwa kwa kitunguu, samaki wa jana akatiwa ndimu na pilipili, na watu wakaenda makazini wameshiba. Siku hizi neno limeharibiwa jina. Bibi arusi huogopa mavyaa asimkute akiandaa mwiku, asije akadhaniwa mvivu, na hivyo nyama ya mamia ya shilingi huishia jaani ilhali watoto wanakwenda shule kwa chai na kipande cha boflo. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye aibu, si katika mwiku.

Mataifa mengine hawakuona haya hata kidogo. Waingereza na Wamarekani wana chakula wakiitacho hash, jina lililotokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kukatakata. Si cha jana: Samuel Pepys wa London, aliyeandika shajara maarufu, aliwaandalia wageni wake hash ya sungura mnamo Januari 1663, na akaitaja kwa fahari. Viazi viliingia baadaye, navyo ndivyo vilivyokigeuza kuwa chakula cha asubuhi cha mtu wa kazi. Waswidi wana pyttipanna, vipande vidogo vya nyama na viazi vilivyokaangwa pamoja na kutiwa yai juu. Watu wa Tirol, katika milima ya Austria, wana Gröstl yao, ipikwayo kwa nyama iliyobakia. Wengi wa hao hukaangia mafuta ya nguruwe. Sisi tuna samli, na hatujapungukiwa na kitu.

Na kwa hakika chakula hiki si kigeni kwetu kama kinavyosikika. Mwenye kujua kutengeneza katlesi anakijua tayari, kwani ni vitu vilevile: nyama, kiazi, kitunguu, kotimiri na yai. Kilichoondolewa ni taabu ya kuponda, kufinyanga na kuchovya.

Lakini kabla ya kikaango kuna jambo zito zaidi, nalo huamuliwa siku ya kwanza, si ya pili. Nyama ya mwiku huwa salama au huwa sumu kwa namna ilivyotunzwa saa zile za mwanzo. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida la chumba zaidi ya saa mbili, na kwamba vijidudu huzaana kwa kasi baina ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi. Hebu tuitazame hali yetu. Nyama imetolewa motoni saa saba mchana, ikakaa juu ya meza hadi baada ya Maghribi kwa kuwa wageni wangali wanaingia na kutoka. Hizo ni zaidi ya saa tano, katika hali ya hewa ya Mombasa au Lamu, ambako hata usiku haupoi vya kutosha kuisaidia.

Wapo wasemao, "Nitaichemsha sana kesho, vijidudu vitakufa." Maneno haya ni nusu ya kweli, na ile nusu nyingine ndiyo iwalazayo watu hospitalini. Kuna bakteria ambao, baada ya kuzaana katika chakula, huacha ndani yake sumu isiyoharibiwa na mchemko. Bakteria hufa, sumu ikabaki. Wako wengine wenye mbegu ngumu zinazostahimili moto wa mapishi ya kwanza. Pande kubwa linapopoa polepole, mbegu hizo huamka na kuzaana katikati yake, pale ambapo joto hukawia kuondoka. Mlaji huanza kusokotwa na tumbo na kuharisha baina ya saa 6 na 24 baadaye, na mara nyingi hulaumu embe au maji.

Kwa hiyo nyama isipozwe ikiwa pande zima. Wageni wa kwanza wakishakula, kata sehemu unayotaka kuiweka, itoe kwenye mfupa, uipasue vipande vyembamba na kuitandaza katika sinia ili mvuke utoke upesi. Kisha ifunike na kuitia friji, ndani ya zile saa mbili. Mifupa iweke kando kwa supu. Ikiwa huna friji, nyama hiyo isilale: igawe mchana uleule, ingali moto na ingali na heshima yake, kwa jirani au kwa anayehitaji. Kumpa maskini kile ulichokwisha kukikatia tamaa si sadaka ya kujivunia. Na stima ikikatika, usifungue mlango wa friji kila mara kuchungulia. Friji isiyofunguliwa hutunza baridi yake kwa muda wa saa nne hivi. Ndani ya friji nyama iliyopikwa ihesabiwe siku tatu, si zaidi.

Siku tatu hizi zitamkumbusha msomaji jambo jingine. Imepokewa katika Sahih Muslim, kutoka kwa Bi Aisha (r.a.), kwamba mwaka mmoja Mtume (s.a.w.) alikataza nyama ya udhiya isiwekwe zaidi ya siku tatu, kwa sababu mafakiri wa majangwani walikuwa wameingia Madina, baadaye akawaruhusu watu wale, waweke akiba na watoe sadaka. Katazo lile halikuwa kwa ajili ya kuoza bali kwa ajili ya njaa ya watu. Mwenye friji kubwa na alikumbuke hilo anapopanga mafungu yake.

Haya, sasa tuingie jikoni. Kwa watu sita yatosha nusu kilo ya nyama iliyookwa, viazi robo tatu ya kilo, vitunguu maji viwili vikubwa, pilipili boga moja (ile isiyowasha), punje tatu za thomu, mayai sita, kotimiri fungu moja, bizari nzima kijiko kidogo, pilipili manga, chumvi, ndimu, na vijiko vinne vikubwa vya samli au mafuta. Ukitazama vyema utaona nyama ni kidogo kuliko viazi, na hiyo ndiyo hekima ya chakula hiki: nyama isiyotosha watu wawili kwa wali huwashibisha sita.

Viazi ndivyo vyenye siri. Vimenye, uvikate vipande vidogo vya mraba visivyozidi ncha ya kidole gumba, uvichemshe katika maji ya chumvi mpaka kisu kiingie bila ya kipande kuvunjika. Dakika saba au nane hutosha. Viazi vya Shangi, vilivyojaa masokoni mwetu, huiva haraka na kuporomoka, kwa hivyo usiondoke jikoni. Vimwage maji, uvitandaze vikauke. Likiwezekana, vichemshe usiku na uvilaze ndani ya friji: kiazi kilichopoa wanga wake hukaza, na asubuhi hukaangika bila ya kuwa uji. Pia utakuwa umejipunguzia kazi ya alfajiri, wakati ambapo kila mtoto anatafuta soksi.

Nyama ikate vipande vidogo kama vya viazi, ukiondoa mishipa na mafuta yaliyoganda meupe. Mafuta hayo, ikiwa ni safi, yanaweza kukaangia badala ya sehemu ya samli. Usiisage. Nyama iliyosagwa hupotea ndani ya viazi, na mlaji hajui kama amekula nyama.

Chukua kikaango kipana na kizito. Kaanga vitunguu kwanza, pamoja na bizari nzima, kwa moto wa wastani hadi vilainike na kuanza kuwa rangi ya dhahabu. Tia pilipili boga na thomu, geuza kwa dakika mbili, kisha uvitoe uviweke kando. Ongeza samli, moto uzidi kidogo, utie viazi kwa tabaka moja. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kukorogakoroga. Viache. Chakula hakianzi kuwa kahawia mpaka maji ya juu yake yaishe, na kila ukikoroga unautoa upande uliokuwa umekaribia na kuanza upya. Baada ya dakika tano au sita vigeuze kwa mwiko mpana, uviache tena.

Vikishapata ukoko, rudisha vitunguu, tia nyama, pilipili manga na chumvi kwa tahadhari, kwani nyama ilikwisha kutiwa chumvi yake jana na mzee mwenye shinikizo la damu hahitaji ya pili. Ukiwa na kijiko viwili vya mchuzi wa ile nyama, nyunyiza; utairudishia unyevu. Gandamiza kwa mwiko, ufunike kwa dakika mbili, ufunue, uache upande wa chini ukaukie. Nyama huingia mwisho kwa sababu imekwisha kuiva na kinachotakikana ni joto tu, lakini joto lenyewe liwe kamili: mvuke utoke katikati, si pembeni peke yake. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni nyuzi 70 hadi ndani.

Sasa fukua vishimo sita kwa mgongo wa kijiko, uvunje yai moja katika kila kishimo, ufunike kwa moto mdogo. Kwa watoto na mama mjamzito kiini nacho kiive kikaze. Epua, kamua ndimu, mwaga kotimiri, upeleke mezani katika kikaango chenyewe kikiwa bado kinachacharika.

Kwa mkate wa kumimina ni kitamu, kwa chapati ni kitamu zaidi, na chai iwe ya rangi yenye tangawizi, kwa kuwa ya maziwa humlemea mlaji. Wapendao ukali watatafuta pilipili ya kusaga na ukwaju. Badala ya viazi ulaya, viazi vitamu hufaa pia, ila huungua upesi kwa ajili ya sukari yake. Na muhogo uliochemshwa jana, ukikatwa vivyo hivyo, hutoa ukoko ambao viazi haviufikii. Nyama ya mbuzi hukubali vilevile, mradi ichambuliwe vizuri kutoka mfupani.

Chakula hiki huliwa chote pale pale. Kilichobakia hakirudishwi friji kungoja asubuhi nyingine, maana nyama imekwisha kupashwa mara moja nayo haifai kupashwa tena. Nyumba ya watu watatu na itoe nusu ya nyama tu, nusu ya pili ikae palepale baridini hadi kesho yake.